Jibu Nililompa kwenye Foleni ya Chanjo

Kila Jumatano, katika kituo chetu cha afya kule Karungu, mimi ndiye niliyechanja watoto. Mama akichelewa hata wiki moja nilimkaripia mbele ya wenzake, nikamuuliza kama mtoto huyo ni wake au wa kuokota. Nilikuwa nesi wa miaka mingi na nilijiona nina haki hiyo. Wakati huo wote mimi mwenyewe sikuwa nimechanjwa homa ya ini, ugonjwa unaoambukizwa kwa damu, ambao kila anayefanya kazi hospitalini hutakiwa kujikinga nao.

Chanjo ililetwa kwa ajili yetu, majina yetu yakabandikwa ukutani. Wenzangu wengine walisema itawapa homa. Wengine walisema wameshika damu za watu miaka yote na hawajaugua. Mimi sikuwa na sababu hata moja ya maana. Niliona tu kwamba chanjo ni kitu cha kuwapa wengine.

Asubuhi ya kuchanjwa nilipita kando ya foleni ya wafanyakazi nikiwa nimebeba mafaili. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mama aliyesafisha wodi zetu, wa umri wa mama yangu mzazi, ameshakunja mkono wa nguo.

“Sista,” aliniita, “wewe umeshachomwa hii sindano?”

“Bado,” nikasema nikicheka. “Mimi na hiyo kitu wapi na wapi? Damu yangu imeshazoea.”

Watu wakacheka. Niliporudi baada ya dakika chache, hakuwa kwenye foleni tena. Nilimwona nje akipiga deki baraza. Nilielewa mara moja kilichotokea. Ningeweza kumwita, lakini kumrudisha kungenilazimu nisimame nyuma yake, mbele ya wale waliocheka nami. Nikaenda kunywa chai.

Miezi michache baadaye alikuja chumba cha sindano ameshika kidole gumba. Sindano iliyotumika ilikuwa imetupwa kwenye mfuko wa takataka za kawaida, ikamchoma alipokuwa akiufunga. Sijui nani aliitupa humo. Zamu ile tulikuwa manesi wawili, na mmoja alikuwa mimi.

Nilimwosha kwa sabuni na maji ya bomba. Chumba ulikotoka mfuko kilikuwa na mgonjwa mmoja tu, mwanamume mwenye macho ya manjano, na kipimo chake kilionyesha homa ya ini. Daktari wa zamu akamgeukia mama.

“Ulichanjwa?”

“Hapana.”

“Kwa nini? Si jina lako lilikuwa kwenye orodha?”

Alinitazama kidogo tu, kisha akaangalia kidole chake. “Siku hiyo kazi ilikuwa mingi, daktari.”

Nilikuwa nimesimama hapohapo, pamba mkononi. Nikaendelea kumkausha kidole.

Alianzishiwa chanjo saa hiyohiyo, akatumwa Homa Bay kupata sindano nyingine ya kinga ambayo sisi hatukuwa nayo. Nilijitolea kumsindikiza, na kila mtu akasifu moyo wangu mwema. Tulipokuwa tukingoja kwenye benchi la hospitali, alifungua mkebe wa nyoyo, chakula cha Wajaluo cha mahindi na maharagwe, alichokipika mwenyewe, akanigawia nusu.

“Kula, nyathina,” aliniambia kwa Kijaluo, yaani mwanangu. “Umeacha kazi yako juu yangu.”

Nilikula. Kukataa kungehitaji maelezo.

Wiki iliyofuata nilichanjwa. Nilimwomba mwenzangu anichome mlango ukiwa umefungwa.

Mama alipimwa tena na tena kwa miezi sita, na tarehe zake nilizijua kuliko za kliniki yangu. Kipimo cha mwisho kilipotoka safi, nilimpelekea karatasi mimi mwenyewe. Ni hapo tu, hatari ilipokwisha, ndipo nilipopata ujasiri wa kusema, na hilo nalo linanitia aibu.

Nilimkuta akipiga deki ushoroba. “Mama,” nikasema, “uliondoka kwenye foleni kwa sababu ya maneno yangu.”

“Ndiyo,” alijibu bila kuacha kazi.

“Ulidhani chanjo ni mbaya?”

“Hapana. Wajukuu wangu si wewe ndiye uliwachanja? Nilisema tu, kama huyu amesoma na haogopi hiyo ugonjwa, mimi naogopa nini?”

“Na daktari alipokuuliza, mbona hukunitaja?”

Aliinuka, akanyoosha mgongo. “Ulikuwa umesimama pale. Nilifikiri utasema mwenyewe.”

Akaniomba nisogee apitishe kitambaa, nami nikasogea.

Bado tunafanya kazi pamoja. Hunisalimu kila asubuhi kama zamani, wala hajawahi kumwambia mtu. Mimi ndiye ninayeitikia nikiangalia pembeni.