Mashine Iliyokula Oili

Harufu ya oili inayoungua hukaa kooni kabla hujajua imeingilia wapi. Ina utamu mchafu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni mpaka ikawa makaa. Mwaka ule ilikaa kwenye sare yangu ya shule, kwenye mkeka tuliolalia, hata kwenye mikate ya anjera aliyopika mama asubuhi. Katika bula yetu, yaani mtaa wetu wa Garissa, miaka ya tisini, nyumba za wenzetu zilinukia uvumba na maziwa ya ngamia. Yetu ilinuka injini. Watoto waliniita binti wa moshi, nami niliwarushia mchanga, na waliporudia niliwarushia zaidi.

Mama yangu, Halima, hakukulia kwenye injini. Alikulia kwenye mbuzi na ngamia upande wa Balambala, akaolewa na mfugaji, na ukame ulipomaliza mifugo na homa ikamchukua baba, akanifunga mgongoni akaja mjini. Alifua nguo katika nyumba ya mhandisi mmoja wa kigeni, kwenye zile nyumba za maofisa zilizokuwa karibu na mto. Mhandisi alipokuwa anarudi kwao alimwambia achague kitu kimoja katika vyombo alivyokuwa akiviacha. Kulikuwa na friji, kulikuwa na redio kubwa yenye spika mbili. Mama akachagua mashine ya kukata nyasi. Majirani walicheka wiki nzima. Garissa ni mchanga na miiba, nyasi gani hizo? Lakini mama alikuwa ameyatazama maji ya mto yakipandishwa kwa pampu na kumwagwa kwenye nyasi za maofisa asubuhi na jioni, mvua ije isije, na aliwaona vibarua wakizikata kwa fyekeo wakiwa wameinama mchana kutwa. Alimfuata msimamizi wa zile nyumba, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii kazi mimi nafanya beke yangu. Wewe angalia tu." Akaangalia. Akampa kazi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nyasi zilizokatwa tulizifunga kwenye magunia na kuwauzia wenye mbuzi mjini, na ujira tuliopewa na msimamizi ukalipa karo yangu. Wanaume waliokaa kwenye vibaraza vya chai walisema mwanamke anayesukuma chuma kinachonguruma mbele ya watu ameuvua ukoo mzima nguo. Mama aliyasikia, lakini hakuwa bado na ujasiri wa kuyapuuza yote. Aliifunika mashine kwa gunia na kupita nayo vichochoroni, nyuma ya nyumba, ili tusikutane na wengi.

Kisha ikaanza kula oili. Mwanzoni ulikuwa moshi mwembamba wa buluu injini inapoamka, halafu unapotea. Baadaye haukupotea tena. Mama alikuwa akijaza oili kila asubuhi, na kila jioni ilikuwa imepungua, naye kwa hofu ya injini kukauka akazidi kujaza. Moshi uliingia madirishani kwa maofisa na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Msimamizi alitoka akiziba pua kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka kulalamikiwa. "Mama Sahra," alisema, "ukija na moshi huu tena, usije kabisa. Nitarudisha watu wa fyekeo."

Tukaipeleka kwa fundi wa pikipiki na pampu karibu na soko. Alimtazama mama, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja.

"Mwenye mashine yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namaanisha mwanaume mwenye mashine. Nizungumze naye."

"Basi zungumza na kaburi," mama alimjibu kwa Kisomali, "au zungumza na mimi."

Fundi alivuta kamba ya kuwashia mara moja, akaona moshi, akaizima. Akasema pistoni na ringi zake zimekwisha, oili inapanda juu na kuungua na petroli, na hakuna dawa ila injini nyingine kutoka Nairobi. Hakufungua hata skrubu moja. Mama alimuuliza kwa nini hakufungua. Fundi akasema hana haja ya kufungua kitu alichokwisha kukijua.

Alasiri hiyo abti Bare, kaka yake mama, alikuja kwetu na maziwa, na maneno yake yalikuwa tayari. Abti alitupenda, hilo sitaki lipotee katika ninayoyasema. Yeye pia alikuwa amepoteza mifugo, alikuwa na watoto wengi, na alikuwa ameamua kuhamia Ifo, kwenye kambi ya waliokimbia vita vya Somalia. Kule kulikuwa na unga, mafuta ya kupikia, hospitali, na shule bila karo. Sura zetu na lugha yetu ni zile zile, alisema, hakuna atakayeuliza. "Uza hicho chuma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, walaal, dada yangu. Tutajiandikisha pamoja. Mtoto atakula."

"Tutajiandikisha kuwa nani?" mama aliuliza.

"Wakimbizi. Ni neno tu."

"Nimekimbia kutoka wapi? Mama yangu amezikwa Balambala. Baba yake huyu mtoto amezikwa Balambala. Nikisema nimetoka ng'ambo ya mpaka, hao nimewaacha kwa nani?"

Abti aliyasogeza yale maziwa karibu nami. Halafu akasema lori litaondoka baada ya sala ya Ijumaa, na kwamba kiburi hakiliki. Mama akasema hata uongo hauliki mara mbili. Nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari la hesabu mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilielewa kuwa watu wazima wanaweza kupendana na kuogopana kwa wakati mmoja.

Asubuhi iliyofuata sikwenda shule. Mama alitandika gunia nyuma ya nyumba, akaweka mashine juu yake, akaniambia nikae mbele ya bomba la moshi nisiondoe macho. Aliniita hooyo, yaani mama, kama mama za kwetu wanavyowaita watoto wao kwa jina lao wenyewe. "Ngamia akikohoa hatumchinji," alisema. "Tunauliza amekula nini na anakohoa lini. Wewe niambie inakohoa lini."

Tukaanza na alichokula. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa na alama mbili, na oili ilikuwa imepita ile ya juu kwa mbali. Mama alijipiga paja. Tukaimimina iliyozidi kwenye kopo. Tulipowasha, moshi ukapungua, nami nikaruka ruka, lakini injini ilipopata moto ukarudi. Basi haikuwa kushiba peke yake. Tukatoa plagi: nyeusi, imelowa. Tukaifuta, tukairudisha, ikalowa tena. Mama akanuna, akakaa, akanywa chai, akanitazama kama mimi ndiye ninayemficha jibu.

Mimi ndiye niliyefungua kisanduku cha chujio la hewa, kwa sababu kilikuwa na skrubu moja tu na mikono yangu ilitaka kazi. Sifongo iliyokuwa ndani ilikuwa inachuruzika oili. Nikaikamua, ikanitiririka mpaka kwenye viwiko.

"Hooyo, hapa si mahali pa hewa? Oili imefikaje?"

Tuliinama sote wawili hata vichwa vikagongana. Kwenye kile kisanduku kiliingia kipira chembamba, na kipira hicho kilitoka ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo cha bati. Injini ilikuwa inapumulia pale, na badala ya kupumua ilikuwa inatapika. Mama alifungua kifuniko kwa bisibisi ya kuazima. Ndani kulikuwa na kibati chembamba kilichotakiwa kufunguka na kujifunga, lakini vumbi la Garissa na oili vilikuwa vimekigandisha kama lami. Hakikuweza kusogea. Tukakiosha kwa mafuta ya taa na kipande cha shela yake kuukuu, tukakwangua kwa ukucha, tukakiosha tena mpaka kikacheza chenyewe. Karatasi ya chini ya kifuniko ilikuwa imechanika, mama akakata nyingine kutoka pakiti ngumu ya majani ya chai. Sifongo tuliifua kwa sabuni, tukaianika.

Siku ya kupima, abti alikuwepo. Alikuja kutuaga, nadhani pia alikuja kutuchukua. Alisimama nje ya ua wa maofisa, kando ya msimamizi, wote wawili mikono nyuma. Mama alivuta kamba. Wingu kubwa la buluu likatoka, na nilimwona msimamizi akianza kutikisa kichwa. Mama hakuzima. Alisimama palepale ameshika mpini, taya limekaza, wakati masalia ya oili yaliyokuwa ndani ya bomba yakiungua, na wingu likawa uzi, na uzi ukawa hewa tupu inayotetemeka kwa joto. Kisha akaanza kukata. Alikata ua wote. Sijui kama alipumua.

Wakati wa kurudi nililichukua gunia ili niifunike mashine kama kawaida. Mama alininyang'anya akalitupa begani kwangu. Tukapita barabara kubwa, mbele ya vibaraza vya chai, katikati ya soko la mbuzi, injini ikinguruma bila kukata kitu chochote isipokuwa maneno ya watu. Fundi alitoka kibandani kutazama. Kusema kweli hakukosea kabisa, kwani ringi zilikuwa zimechoka, na kwa miaka yote iliyofuata ile mashine iliendelea kula oili kidogo. Tuliilisha. Kitu kinachozeeka hula, na bado hufanya kazi.

Abti alipanda lori Ijumaa ile. Sisi hatukupanda. Kulikuwa na siku tulizolala na chai tupu, wakati binamu zangu walikuwa wakila Ifo, nami sitajifanya sikuwaonea wivu. Leo Garissa ni makao makuu ya kaunti, hoteli zina bustani za nyasi, na vijana wanazikata kwa mashine mpya wakiwa wamevaa vipokea sauti masikioni. Mimi nafundisha hisabati. Mama ni mzee, anagombana na wajukuu. Lakini watoto wa abti, waliozaliwa Kenya kama mimi, walipofika umri wa kitambulisho waliambiwa majina yao yako kwenye orodha ya kambi, wao ni wakimbizi, na wameishi nusu ya maisha yao bila karatasi, bila kazi ya maana, wakishushwa mabasini kwenye vizuizi vya polisi. Abti alikufa akiomba radhi kwa lile neno alilosema ni neno tu. Simlaumu. Njaa ilimsukuma, na yeye hakuwa na kitu cha kusukuma.

Mwaka jana, binamu yangu mkubwa alipoitwa mbele ya kamati ya kuthibitisha uraia, nilikwenda kuwa shahidi wake. Ofisa aliniuliza kama nina hakika huyu ni mtu wa hapa. Nilimtajia babu yetu, kaburi la nyanya yetu, kisima walichonywea na jina la ngamia aliyewanyonyesha. Akasema nirudi wiki ijayo. Nikamwambia sina haraka, nikavuta kiti karibu na meza yake, nikakaa.