Nilivyomshikia mzee kitabu cha takwimu kule Njiru, mpaka tukaanza kupima chapati za jirani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio nyumbani na mnaosoma mkijifanya mko kazini.

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mama mmoja anayehusika ana mkono mzito.

Nilikuwa Moyale, nikichora mabango ya hoteli na vinyozi. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nimalize Form Four: rangi, brashi, na kuondoka. Siku moja nikapita mahali maharagwe yanachemka kwa makaa, harufu ikanirudisha Mathare nilikozaliwa. Kesho yake nikafunga mzigo.

Safari haikuwa ndogo. Basi liliharibika kabla ya Marsabit, likatengenezwa, likaharibika tena. Kufika Isiolo nikapata lifti kwa akina mama wanaopeleka maziwa ya ngamia Eastleigh, nikakaa katikati ya mitungi hadi Nairobi. Nikashuka nikinuka moshi na maziwa, nikatembea mpaka Mathare.

Nyumba yetu ya mabati haikuwepo. Palikuwa na ghorofa. Nikamuuliza mama mmoja kuhusu bomba la maji tulilokuwa tukipanga foleni utotoni. Akanitazama kama mtu wa bima.

Nikaambiwa watu wa zamani wengi wamehamia Njiru, pembezoni mwa Nairobi. Njiru niliyoijua mimi ilikuwa mashamba ya sukuma wiki na machimbo ya mawe. Sasa ni ploti juu ya ploti, huku kanisa, huku kinyozi, huku kanisa tena.

Kwa mchora mabango hiyo ni mbingu. Nikapanga chumba kwenye ploti moja, zile za vyumba vingi na geti moja.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikaa Mzee Musyoka, Mkamba wa Kitui, dereva wa lori la kiwanda kimoja cha sabuni karibu na Mukuru kwa Njenga. Pia ni mzee wa kanisa, yule anayeitwa watu wakigombana.

Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa usukani. Daktari alimwambia aache lori. Kazini wakamwambia alete diploma apewe meza ya stoo. Basi akajiunga na chuo cha jioni, akapita masomo yote isipokuwa moja: takwimu. Aliurudia mtihani, akaanguka tena. Ikabaki nafasi moja tu. Akianguka, chuo kinamtoa, meza anapewa mwingine, na yeye anarudi kwa lori na ule mgongo.

Jioni moja akanigongea.

"Fundi, unajua kusoma?"

"Najua."

"Njoo unishikie kitabu cha maswali. Unisomee swali, halafu ufunike majibu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye hii kitu, wakuu. Mimi hesabu niliachana nayo kwa amani tukiwa shule, lakini kusoma kwa sauti naweza.

Maswali yenyewe ni ya kuchekesha. Kila mtu humo ndani ana dai. Mwenye kiwanda anadai balbu zake zinakaa muda fulani. Mwenye unga anadai pakiti ina uzito fulani. Wewe unachukua sample, yaani kiasi kidogo cha kuwakilisha zote, unapiga hesabu, unapata namba. Namba ikizidi ile ya kwenye jedwali, unakataa dai. Isipozidi, unasema huna ushahidi wa kutosha kulikataa. Basi.

Hesabu Mzee Musyoka alikuwa anapiga vizuri tu. Shida ilikuwa mstari wa mwisho.

Anapata namba kubwa kuliko ya jedwali, halafu anaandika: "Meneja ana ukweli wake, lakini aongeze bidii."

"Mzee, kitabu kinasema kataa."

"Kitabu hakimjui huyo meneja."

"Na wewe unamjua?"

"Simjui. Ndiyo maana siwezi kumharibia jina."

Nikaelewa. Huyu ni mtu ambaye kesi zote za kanisa anazimaliza watu wawili wakipeana mikono. Hajawahi kumwambia mtu umekosea. Alikuwa anapatanisha balbu na jedwali.

Mbaya zaidi ni siku tulipofika kwenye ile asilimia tano. Nikamsomea kwamba hiyo ndiyo hatari unayokubali ya kukataa dai ambalo kumbe ni la kweli.

Akavua miwani.

"Kwa hivyo nikiletewa watu ishirini wakweli, ninaruhusiwa kumsingizia mmoja?"

"Ni kama ndivyo inavyosema."

"Na hawa wanaitwa wasomi."

Mkewe, Mama Kanini, akasema kutoka jikoni, "Baba Kanini, andika kataa, tule."

Hakuandika.

Sasa mwalimu wao akasema wanaorudia mtihani lazima walete project. Tafuta dai la kweli mtaani, chukua sample, lipime, andika uamuzi. Alama zake zingejumlishwa na za mtihani. Mzee akakosa usingizi, kwa sababu hapo hakuna meneja wa kitabuni. Hapo ni mtu mzima anayekujua.

Mimi ndiye niliyetoa wazo. Nje ya ploti yetu aliuza chapati na maharagwe Mama Wambui, mama wa Murang'a, wa kanisa lilelile la mzee. Nilikuwa nimemchorea bango wiki zilizopita: CHAPATI PANA KAMA SAHANI. Maneno ni yangu, alitaka kitu cha kuvuta watu.

"Hilo ni dai," nikasema.

Mzee akaona ni salama, kwa sababu chapati za Mama Wambui alizijua. Akapima sahani yake kwa rula. Akaanza kununua chapati moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tunaipima, anaandika, tunagawana data kwa chai.

Wakuu, zile chapati zilikuwa pana kuliko sahani. Zinaning'inia. Mzee alifurahi sana, maana hapo hata akikataa dai, anakataa kwa kumsifu mtu.

Kisha siku moja nilichelewa kula, nikaenda kwa Mama Wambui jioni. Nikapewa kitu cha ukubwa wa kisosi.

"Mama, hii imenyeshewa?"

"Kula, fundi. Tumbo lako halina rula."

"Mbona ya Mzee Musyoka ya asubuhi huwa kama mwavuli?"

"Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza. Wa kwanza anafungua siku. Nikimpa ndogo, siku nzima itakuwa ndogo."

Nilirudi kwa ploti nikikimbia na kisosi changu mkononi. Mzee alikitazama, akatazama daftari lake, akakaa chini polepole kwa sababu ya mgongo.

Alikuwa amepima chapati za mteja wa kwanza peke yake. Hakuna hata moja iliyowakilisha za mchana wala za jioni. Na project ilikuwa inatakiwa wiki iliyofuata.

"Futa zote," akasema.

Tukaandika saa zote za kuuza kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye sufuria, Mama Kanini akawa anachota bila kuangalia. Saa inayotoka, mtu anatumwa. Si mimi wala mzee, maana tunajulikana. Tukatuma majirani, kinyozi, hata askari wa ploti. Masharti: chukua ya juu, usichague, isikunjwe.

Hilo la kutokunja ndilo lililotuponza.

Jumamosi mchana tukiwa nje, Mama Wambui akaingia na mti wa kusukumia chapati mkononi.

"Wiki nzima watu wanakuja kwangu wanataka chapati isiyokunjwa. Wanaibeba kama yai. Nani anawatuma?"

Ploti nzima ikatazama mlango wa mzee wa kanisa.

"Mzee, unanipima?"

"Sikupimi wewe, Mama Wambui. Napima dai."

"Dai la nani?"

"La bango."

"Kwani bango nilichora mimi?"

Sasa ploti nzima ikanitazama mimi. Nikajifanya nasafisha brashi.

"Haya, sema mbele za watu," akasema. "Umepata nini?"

Hesabu tulikuwa tumeimaliza asubuhi hiyo. Namba ilikuwa imezidi ya jedwali, tena kwa upande mbaya. Mstari wa mwisho tu ndio ulikuwa haujaandikwa.

Nilimwona mzee akivuta ile sauti yake ya kanisani. "Mama Wambui, kila mtu ana..."

Mama Kanini akakohoa.

Mzee akamtazama mkewe. Akashika mgongo. Nadhani aliliona lori.

"Tunakataa," akasema.

"Mnakataa mkiwa wangapi?"

"Niko peke yangu. Na inawezekana nimekosea, hilo pia litaandikwa. Lakini kwa hizi nilizopima, chapati zako ni ndogo kuliko sahani, na si kwa bahati tu."

Kinyozi akarudi nyuma kidogo.

"Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

"Hapana. Nimekataa maneno ya bango. Wewe sijakukataa."

Mama Wambui akateremsha ule mti. "Za jioni hata mimi najua ni ndogo. Unga ukikaribia kuisha, mtu atafanyaje? Ungekuja kuniuliza, ningekuambia."

"Hesabu hairuhusu."

"Basi hesabu yenu haina adabu," akasema, akaenda zake.

Mzee akaingia ndani, akaandika neno moja. Nililiona: tunakataa.

Jumatatu Mama Wambui alikuwa na sahani mpya. Ndogo. Bango likabaki vilevile. Akamwita mzee akipita, "Njoo na rula yako."

Mtihani ukafika, mzee akaenda, akarudi jioni. Nikamuuliza umeonaje.

"Swali la mwisho lilikuwa na mtu wa mishumaa. Nilimkataa."

"Ulijisikiaje?"

"Nilimwombea kidogo, nikageuza ukurasa."

Alipita, wakuu. Si kwa kishindo, lakini alipita. Meza ya stoo akapewa.

Sasa somo nililopata mimi. Nimezunguka nchi hii, na kila mji nilioacha naukumbuka kuwa mzuri. Moyale, Lamu, Kisii, hata hiyo Mathare ya utoto. Kumbe kila mahali nilikuwa mgeni, na mgeni hupewa ile chapati ya kwanza. Naondoka kabla ya jioni, kisha naenda kusimulia kwamba huko chapati ni kama mwavuli. Njiru ndiyo nilikaa mpaka nikapewa kisosi. Na bado naipenda.

Hata hivyo miguu haikuacha kuwasha. Nikapata kazi ya mabango Voi. Mzee akaniombea nafasi kwenye lori la sabuni linaloenda upande huo.

Siku ya kuondoka nilimkuta getini kiwandani, tai shingoni, mgongo umenyooka kwenye kiti chenye mto. Mtu wa stoo ndiye anayekagua magari yanayotoka. Dereva mpya alikuwa kijana mwenye haraka.

"Umebeba nini?" mzee akamuuliza.

"Sabuni tu, mzee."

Mzee akainuka, akazunguka lori lote bila haraka, akafika mlango wangu, akanitazama kama hanijui.

"Si kweli," akamwambia dereva. "Kuna na mchora mabango. Andika upya."

Kijana akaandika upya. Mzee akanipa mkono dirishani, akashikilia kidogo, kisha akafungua geti mwenyewe.

Sijarudi tena.

Nyie mliosoma hii takwimu, njooni mniambie: ni uamuzi gani uliwashinda kuandika hata mlipokuwa na namba mbele yenu? Na mlioko Njiru, nisaidieni kitu kimoja tu. Nendeni jioni, mniambie ukubwa.