Mnyamwezi kanipa kazi ili arudishiwe viatu vyake. Hivi ahadi ya mtani ni ahadi?

Wakuu, kuna swali limeninyima usingizi, naomba nilimwage hapa kabla halijanimaliza.

Mtu akikuahidi kazi katikati ya utani, mbele ya watu wanaocheka, unakwenda au huendi?

Ukienda kumbe ulikuwa mzaha, wewe ndiye msichana asiyejua mzaha. Usipokwenda kumbe ilikuwa kweli, umeitupa kazi kwa aibu zako mwenyewe.

Yote nitakayosimulia yamenipata mimi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika ni wazee, na wazee siku hizi wanashinda humu jukwaani kuliko sisi.

Mimi ni binti wa Kibiti, Mndengereko baba na mama. Nimesoma kemia chuo kikuu, nikamaliza, nikarudi nyumbani kwa shangazi yangu kusubiri. Kusubiri nini, hata mimi sijui vizuri.

Halafu mimi ni mtu wa kuwaza. Ukinitumia meseji ya "sawa" nawaza kama umekasirika. Ukiweka nukta mbele yake, siku yangu imeharibika.

Sasa shangazi, tumwite Shangazi Zuhura, ni mwalimu mstaafu. Wale aliosoma nao chuo wana utaratibu wa kukutana wikiendi moja kila mwaka, na safari hii zamu ikamwangukia yeye.

Ijumaa jioni likaingia Kibiti basi dogo limejaa wazee wenye fulana za rangi moja. Huyu anashika kiuno, yule anashika goti, lakini wanaitana majina ya bwenini na kucheka kama watoto waliotoroka shule. Mimi nikapewa kazi ya kuhudumia wageni.

Wa mwisho kushuka alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima kule Mbagala.

Alimtazama shangazi juu mpaka chini.

"Zuhura, kumbe upo hai? Nimetoka Dar nimekuja kuzika."

"Karibu, mpagazi," shangazi akajibu bila hata kugeuka. "Mzigo weka pale, kisha nenda kale na wenzako nyuma ya jiko."

Kwa asiyejua: sisi watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kitu kikishakamatwa hakirudi mpaka ujikomboe.

Najua haya yote. Lakini kizazi chetu utani umebaki wa maneno mawili matatu. Kuwaona watu wazima wanavyorushiana maneno kwa saa nzima, mimi nilikuwa nashika sahani huku nawaza nani ataitwa kuamulia.

Jumamosi tukaenda Nyamisati, tukapanda boti kuelekea Mbuchi, wageni waone mikoko na kula wali kwenye mashina yake. Mzee Mihayo alivaa laifu jaketi tangu ndani ya basi.

Kwenye boti akaketi karibu yangu. "Wewe binti umesoma nini?"

Wakuu, swali hili nina majibu yake matatu. Kuna fupi, kuna refu, na kuna la watu wanaoweza kutoa kazi. Nilichanganya yote matatu.

"Kwa hiyo unaweza kupima maji?" akaniuliza.

"Naweza, mzee. Kutegemea na..."

"Kutegemea na nini?"

"Na maji yenyewe."

Akaitikia "mmh", akageukia mikoko. Safari yote iliyobaki nilikuwa nawaza ile "mmh".

Tulipofika Mbuchi maji yalikuwa yamekupwa, na kati ya boti na nchi kavu kulikuwa na tope la kufika magotini. Mzee Mihayo akavua viatu vyake, vya ngozi, vinang'aa. Akampa shangazi.

"Nishikie hapa mara moja."

Hapo ndipo alipokosea. Mnyamwezi unampaje Mndengereko viatu akushikie? Nadhani ni lile tope lililomchanganya akili.

Tukala wali na kamba wa nazi, wazee wakaimba nyimbo zao za mgomo wa chuo, wakasahau mistari, wakagombana nani aliyeisahau. Wakati wa kuondoka, Mzee Mihayo akaulizia viatu.

Shangazi akasimama, amevikumbatia. "Jamani, viatu hivi vimekamatwa. Mwenyewe ajikomboe."

Makofi.

"Zuhura, acha mambo yako, kuna makombe ya chaza humu kwenye tope yatanikata."

"Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani pekupeku. Wewe kubeba viatu vyako tu umeshindwa?"

"Walibeba, ndiyo! Na walipofika hapa wamechoka, babu zako wakakaa barazani wanawauzia maji ya kunywa! Unadhani kwa nini nachimba visima? Nimeapa sinunui tena maji kwa Mndengereko!"

Watu wakaangua kicheko, nahodha wa boti mpaka akakaa chini.

"Jikomboe," shangazi akasema.

"Kreti ya soda."

"Wote hapa tuna sukari, unataka kutuua? Ongeza."

Mzee akatazama huku na huku, macho yakatua kwangu.

"Haya. Nampa kazi huyu binti yenu. Kwangu hakuna mtu wa kupima maji. Jumatatu asubuhi aje ofisini. Leteni viatu!"

Vigelegele! Shangazi akavirusha, kimoja kikatua katikati ya tope. Mzee akakifuata huku anatulaani ukoo mzima.

Na mimi nimesimama na sufuria mkononi.

Baada ya hapo hakulirudia neno lile. Kwenye boti akalala. Jumapili wakati wa kuagana alinishika mkono, nikasema moyoni sasa atasema. Akasema, "Mtani, msije mkauza na huo mto Rufiji." Basi likaondoka.

Nikaanza sasa. Angekuwa anamaanisha, angeniomba CV. Lakini kama hamaanishi, Jumatatu ameitoa wapi? Si angesema "siku moja"? Halafu amesema asubuhi bila saa. Mtu makini si husema saa?

Nikamfuata shangazi uani, anakwangua ukoko.

"Shangazi, jana Mzee Mihayo alikuwa anatania?"

"Alikuwa anatania, ndiyo. Kwani hukumwona?"

"Kwa hiyo nisiende?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza ada zilikwenda wapi.

"Alipokufa mume wangu, Mihayo alikaa mlangoni akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Akapewa. Akatangaza mbele ya watu kwamba mjane sasa ni mali yake, atamlisha mchele wa Tabora mpaka ausahau wa Rufiji. Watu wakacheka. Mimi nilicheka, siku ya kuzika mume wangu."

"Halafu?"

"Halafu mchele unakuja, gunia kila mavuno. Mchele, kuja Rufiji! Tena mbaya, ukipika unashikana. Unaokula humu ndani unadhani tumeulima wapi?"

Akaendelea kukwangua.

Mtu mwingine hapo angetulia. Mimi nikawaza: gunia halilipwi mshahara. Gunia haliulizi "kutegemea na nini".

Jumatatu alfajiri nikapanda basi la Dar. Nilijiambia naenda kuliona geti tu, kuona geti si aibu.

Getini mlinzi akaniuliza, "Una miadi na mzee?"

Nikasema ninayo. Nikasema sina. Nikasema amwambie kuna Mndengereko kutoka Kibiti.

Akapiga simu. Sauti ya Mzee Mihayo ilisikika mpaka nilipo: "Mndengereko? Mwambie hapa hatugawi chakula! Arudi kwao akakamate kaa!"

Mlinzi akakata simu, akainamisha macho. "Dada samahani. Mzee amesema urudi kwenu."

Wakuu, miguu ilishageuka. Basi la kurudi Kibiti nililiona kabisa pale barabarani.

Kisha nikawaza, na kwa mara ya kwanza kuwaza kukanifaa. Hakuuliza Mndengereko gani. Hakuuliza nimefuata nini. Mtu asiyekutarajia huuliza wewe ni nani.

"Nimemsikia," nikamwambia mlinzi. "Amesema niingie."

Nikasukuma geti, nikapita.

Naandika haya nikiwa na koti jeupe la maabara lililonizidi mikono. Nipo kwenye majaribio, na kila asubuhi naulizwa nimeiba chupa ngapi.

Nilichojifunza: kuna watu neno la kweli hawawezi kulitoa mpaka walivishe mzaha kwanza. Na mwenye shida ndiye anayepaswa kwenda kulivua.

Watani mliomo humu, tukaneni kwa zamu. Na wewe uliyewahi kuahidiwa jambo kwa kicheko ukabaki nyumbani, hebu tuambie lilikuwa jambo gani.