Maganda Tuliyoyatupa Ziwani

Nilipokuwa mtoto Kalemie, mji ulio kando ya ziwa, wakati nchi ikiitwa Zaire, nyumbani kwetu ganda la yai halikulala uani. Nkambo, mama yake baba, alisema mwenye roho mbaya akiliokota, kuku aliyelitaga ataharibikiwa. Basi kila tulipokula mayai, mimi nilitumwa kwenda kutupa maganda ziwani. Kuku wenyewe walifungiwa uani, wasije wakataga kwa watu.

Mmoja alikuwa wangu. Baba alinipa akiwa kifaranga, nami nilikuwa nikingoja aatamie. Alitaga vizuri, kisha yakaanza kutoka mayai laini, yamefunikwa ngozi tu, ukiyashika yanabonyea. Halafu akaacha kutaga, akanyonyoka manyoya mpaka shingo ikabaki uchi.

"Wanamuvua nguo," Nkambo alisema. "Kuko muntu alipata ganda."

Muntu huyo, kwa Nkambo, alikuwa jirani yetu Mama Feza. Kosa lake ni kwamba kuku wake walitaga mayai magumu. Walishinda ufukoni wakidonoa magamba ya konokono na mabaki ya dagaa. Siku moja alikuja mwenyewe mlangoni.

"Mama, muache kuku ya mutoto ikuje kwangu. Itadonoa kule kwa muchanga, itapona."

Nkambo alingoja aondoke, akaagiza kisu, kuku wangu akachinjwa.

Kuku wa uchawi haliwi. Nilitumwa kumtupa ziwani, njia ileile ya maganda. Njiani nilimpapasa shingo huku nalia, vidole vikagusa vijinyoya vipya vinachomoza. Alikuwa anapona. Nilirudi mbio kumwambia Nkambo.

"Njo vile uchawi inajifichaka," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Leo nina kuku wangu. Maganda nayakausha, nayatwanga, nawarudishia wale, mayai yawe magumu. Wakinyonyoka nawaongezea dagaa, nasubiri. Ni hivyo tu. Onyo la Nkambo lilitimia, mayai yaliharibika kweli, ila tuliyaharibu wenyewe kwa kulitii. Hilo linanichoma mpaka leo, na sina wa kugombana naye. Nkambo alikufa akiamini alitukinga. Mama Feza alihama, na hakuna mtu wa kwetu aliyemuaga.

Mama yangu, mzee sasa, anaishi nami. Mayai anayala, tena anayasifu. Lakini nikishika mchi nianze kutwanga maganda, huinuka polepole, akafunga mlango wa ua.