Filamu Nilizomtafsiria Baba

Baba alistaafu Ijumaa. Jumatatu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama miaka yote, akanyoa ndevu, akavaa viatu vyake vya kazi, akaketi sebuleni. Nilipotoka chumbani saa moja nilimkuta bado ameketi, mikono juu ya magoti, akiitazama wilbaro. Wenzake wa kiwanda cha unga walikuwa wamempa zawadi ya wilbaro mpya ili akalime. Nyumba yetu ya kupanga hapa Nakuru haikuwa na stoo, kwa hiyo ilikaa kati ya sofa na televisheni, na kila aliyetaka kupita alilazimika kuizunguka.

"Unangoja gari la kazi?" nikamtania.

"Nangoja chai. Mama, siku hizi unalala kama tajiri wa Milimani."

Huniita mama. Kwa desturi ya kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na baba alilichukua jina hilo kwa uzito wake wote. Nikiwa mdogo alikuwa akisimama mlangoni asubuhi, kofia mkononi, na kuniambia, "Mama, naenda kazini. Nikubalie." Nikikataa, anaketi. Nikikubali, anaondoka. Baadaye nilienda chuo kikuu, nikasoma sosholojia, nikajifunza kuitilia shaka kila desturi niliyolelewa nayo. Niliandika hata insha nikidai kwamba kumpa mtoto jina la mzee ni namna ya kumtwika kazi kabla hajajua kutembea. Mwalimu aliisifu sana. Baba sikumwonyesha.

Sina ndugu. Mama yangu alikufa nikiwa mwaka wa tatu chuoni, baada ya kulala kitandani miezi mitano. Baba ndiye aliyekuwa akimwosha, kila jioni, akitoka kiwandani na unga bado uko kwenye nyusi. Mimi katika miezi hiyo nilikuja nyumbani wikendi mbili. Nilikuwa na mitihani. Siku hizi nikikumbuka mitihani ile hata siwezi kusema ilihusu nini.

Digrii yangu ilikaa kwenye bahasha miaka miwili. Mwishowe nikajiandikisha kwa kozi ambayo vijana wengi wa rika langu wanaichukua sasa: kutunza wazee, ili tukaajiriwe ng'ambo, kwenye nchi za baridi ambako watoto hawakai na wazazi wao. Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi. Tulijifunza kwa mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima: kumgeuza kwa shuka bila kumchubua, kumwosha mgongo, kumlisha uji asipaliwe. Nyumbani sikuwa na mwanasesere. Nilijifungia chumbani na gunia la viazi, nikalipindua kwa shuka, kulia, kushoto, mpaka mikono ikazoea.

Baba nilimwambia natafuta kazi ya hospitali ng'ambo. Sikumwambia ni kazi gani. Nilishawahi kumsikia akimsema kijana mmoja wa mtaani: "Amesoma miaka yote hiyo, halafu anaenda kuosha wazee wa wenyewe?" Nami nilijua swali ambalo lingefuata.

Mwalimu wa kozi alitushauri tutazame filamu za maisha ya uzeeni, kwa sababu kwenye usaili wangetuuliza wazee wa huko wanaishi vipi. Jambo hilo lilinichekesha kwa uchungu. Nilikuwa na mzee mzima sebuleni, amekaa mbele ya wilbaro, na nilikuwa naenda kujifunza uzee kwenye flashi.

Kijana wa duka la muvi alikuwa na kompyuta tatu na kofia ya manyoya.

"Niaje, siste. Ya Kikorea? Ya vita? Kuna series mpya imeingia jana."

"Nataka za wazee."

"Wazee wa magenge?"

"Wazee tu. Waliostaafu."

Alinitazama kama nimemwomba dawa ya kikohozi. "Hiyo folda haiko. Hakuna mtu huuliza hizo." Hata hivyo akatafuta, akabonyeza, akakuna kichwa. "Nimekupatia saba. Na nikuambie mapema usinirudie hapa: kwa zote, mzee hukufa."

Tulizitazama alasiri, baada ya mimi kutoka darasani. Baba ana presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba mwanga uliobaki ni wa miaka miwili hivi, labda pungufu. Picha bado anaziona, lakini maandishi ya chini hawezi kuyasoma. Kelele za mashine za kiwanda nazo zilimla sikio la kushoto. Kwa hiyo nilikaa kulia kwake na kumtafsiria kwenye sikio lililobaki, kama wale madijei wa mabanda ya video wanaoongea juu ya filamu kwa Kiswahili na kutia utani wao. Zamani alipenda sana mabanda hayo. Jumapili akitoka kanisani alikuwa akipitia huko na wenzake, anarudi akiiga sauti ya dijei hadi mama anamfukuza jikoni.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyevuka nchi nzima kwa baiskeli ili kumwomba msamaha mtu aliyemkosea ujanani.

"Huyu hana shamba?" baba akauliza.

"Hana."

"Kuku je?"

"Baba, ni mtu wa mjini."

"Na nyumba ameachia nani? Ona, hata mlango hajafunga."

Sikuzipenda filamu zile, na sikuzipenda kwa sababu ambazo ningeweza kuziandikia insha nyingine. Ndani yake uzee ni safari. Mzee anaugua kwa adabu, anapatana na ndugu yake, anafika mahali penye maji mengi, kinanda kinalia, amekwisha. Hakuna mzee anayetafuta choo. Hakuna anayekaa Jumanne nzima akingoja Jumatano. Nilimtazama baba pembeni, viatu vya kazi miguuni, nikawaza kwamba hakuna mtu angelipia kuona hii. Kisha nikajiuliza kama mimi mwenyewe ningelipia, au kama ndiyo maana nilikuwa naondoka.

Ya nne ndiyo iliyoniponza. Mzee mmoja wa nchi ya theluji amepelekwa na binti yake katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana chumba, dirisha, kiti na picha ya huyo binti. Kila siku anauliza binti atakuja lini, na msichana mmoja mweusi anayefanya kazi hapo humjibu kwamba yuko njiani. Binti haji. Msichana anamgeuza mzee kwa shuka, anamwosha miguu ndani ya beseni. Mwisho wake ni kiti kimeelekea dirishani, theluji inaanguka, na hakuna aliyekikalia.

"Huyu msichana wetu ni nani hapo?" baba akauliza.

"Daktari."

"Daktari anaosha mtu miguu?"

"Huko ndivyo wanavyofanya."

Kiti kilipotokea kitupu, akanigusa goti. "Sasa mzee ameenda wapi?"

Maandishi ya chini yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na neno la kutafsiri, nami nikatafsiri.

"Binti yake amekuja kumchukua. Wameenda nyumbani."

"Sijaona gari."

"Hawakulionyesha."

"Hawa watu," akasema, "vitu vya maana hawaonyeshi."

Wiki tatu baadaye, usaili ukiwa umepita, viza ikatoka. Nyumba ya kupanga ilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe, na baba alipaswa kuhamia Keringet, kwenye ekari mbili alizonunua zamani na nyumba ya mabati aliyoijenga chumba kwa chumba kwa miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi wote wa kiwandani husimulia hadithi hiyo moja: ukistaafu unaenda shamba, unapumua, unakula kitu umepanda. Baba aliisimulia kwa sauti kuliko wote. Lakini siku zilipofika, kila asubuhi alipata sababu. Mvua. Mgongo. Kengele ya kanisa inayohitaji fundi. Nilielewa polepole kwamba nyumba ile aliijenga kwa watu wawili, na mmoja wao yuko makaburini. Nilielewa, na bado nikakodi pikapu.

Tulifika Keringet saa nne asubuhi, ukungu haujatoka viazini. Shangazi, dada yake baba, mjane anayeishi ng'ambo ya kijito, alikuwa ametangulia kuwasha moto. Aliiona wilbaro ikishushwa akapiga makofi.

"Wee! Miaka yote hiyo ya kusaga unga, wamekupa gurudumu moja?"

"La pili watanipa nikifa," baba akasema.

Tulipanga vitu. Ilikuwa kazi ya saa moja tu, na jambo hilo nalo lilinisumbua. Baada ya chakula baba akaniambia nilete laptopu.

"Ile ya mzee wa theluji. Iweke."

"Baba, ile umeshaiona."

"Iweke. Leo mimi ndiye dijei. Dada, njoo uone."

Shangazi akaketi juu ya gunia. Mzee wa theluji akafungua macho ndani ya chumba chake, na baba akaanza kwa ile sauti ya mabanda ya video, nzito na ya haraka. "Sasa wasee, cheki huyu mzee. Ameamka saa kumi na moja. Nani amemwambia aamke? Hakuna. Amevaa viatu vya kazi. Kazi iko wapi? Hakuna!" Shangazi alicheka hadi akashika mbavu. Msichana mweusi akaingia na beseni. "Na huyu hapa ni msomi. Ana digrii, iko kwa bahasha. Usicheze na yeye." Nilicheka kidogo. Sikuwa nimefikiria anaelekea wapi.

Msichana akapiga magoti. Sauti ya dijei ikamtoka baba, akabaki na sauti yake.

"Anamwambia mzee, inua mguu. Mzee anainua. Halafu mzee anamuuliza: na baba yako, anamwinulia nani?"

Shangazi akaacha kucheka. Nilinyoosha mkono, nikaisimamisha filamu. Msichana akabaki amepiga magoti, mguu wa mzee mkononi.

"Ulijua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu gunia. Nilikuona kwa ufa wa mlango, unapindua viazi kwa shuka. Mtu hapindui viazi bure."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme." Akasugua macho yake kwa kiganja, taratibu, ingawa daktari alimkataza. "Kuosha mtu si mbaya. Nilimwosha mamako, sikukatika mkono. Lakini mimi nimebaki na sikio moja, na ni hilo hilo umenidanganyia."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na sentensi nyingi, za kazi zisizopatikana, za dunia inavyonunua mikono ya watoto wa watu wengine. Zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyokuwa na faida ndani ya nyumba ile.

"Ukifika huko," akasema, "huyo mzee wako atakuuliza mtoto wake atakuja lini. Usimwambie yuko njiani."

"Sitamwambia."

"Na wewe utakuja lini?"

Shangazi aliinuka akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

"Mkataba ni wa miaka mitatu," nikasema. "Baada ya hapo sijui."

"Mitatu." Aliitazama skrini, ingawa sijui aliona nini. "Macho nimepewa miaka miwili." Kisha, kama mtu anayenielekeza dukani: "Basi ukija, ongea kabla hujaingia. Na ukae kulia."

Dereva wa pikapu alitaka kushuka kurudi Nakuru kabla ya mvua. Nilipotoka kuaga, baba alikuwa nje, ameinama kando ya wilbaro, anachambua viazi vya mbegu ambavyo shangazi alimletea, vidogo huku, vikubwa kule, akivipima kwa vidole zaidi ya macho. Nilisimama kushoto kwake. Maneno niliyoyasema hayakuwa yangu. Yalikuwa yake, ya mlangoni, ya miaka ile.

"Baba, naenda kazini. Nikubalie."

Hakuinua kichwa. Nikakumbuka lile sikio. Nikazunguka wilbaro hadi upande wa kulia, nikainama, nikasema tena, kwa sauti zaidi.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akasema, akachukua kiazi kingine.