Si Mto Uliokunja Rangi ya Kaka Yangu

Ni mimi. Haukuwa mvuke wa mto, halikuwa joto, haikuwa rangi mbovu ya dukani. Niliiharibu pikipiki ya kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, kisha nikakana. Nimekana mbele ya mama, nimekana mbele ya kaka, nimekana hata kwenye sala, kana kwamba Mungu hakuwepo kijijini kwetu Ngao siku ile!

Mhariri, jina langu ulifiche, tafadhali. Wako wanaonijua kama mwanamke wa chuo kikuu anayeandika makala kuhusu umuhimu wa kusema kweli. Ndiyo, mimi ndiye yule. Chekeni tu.

Msidhani nazungumzia pikipiki ya kupanda. Hii ilikuwa ndogo, ingetosha kukaa juu ya sahani ya wali. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kaka yangu, nitamwita Komora, alikuwa mvuta kamba kwenye kivuko cha Garsen. Hakukuwa na daraja. Gari likifika linapandishwa kwenye pantoni, na wanaume wanaivuta kwa kamba mpaka ng'ambo. Wenzake walikuwa wakivuta na kuimba. Komora alikuwa akivuta na kukodolea macho magurudumu.

Bwana mmoja aliyekuwa akipima kina cha mto alikuwa na pikipiki ya rangi ya damu ya mzee. Kila ilipovuka, Komora aliomba ruhusa akaipima kwa shibiri. Shibiri moja ya ile kubwa aliigeuza upana wa kidole kimoja kwenye ndogo. Rula hakuwa nayo. Kipande kikizidi kidole au kupungua, kinatupwa mtoni, hata kama amekichonga wiki nzima.

Tangi alilichonga kwa mwembe uliobaki mtumbwi wa jirani ulipochongwa. Mapezi ya injini aliyakata kwenye debe la mafuta ya taa, akayapanga moja juu ya jingine na kuacha nafasi za hewa katikati. Tairi zilitoka kwenye kandambili iliyokatika. Spoki ndizo zilizomtesa. Waya wowote ulikuwa mnene mno, mpaka akamwomba mfugaji mmoja wa Kiorma, aliyekuwa akivusha ng'ombe, singa za mkia.

"Kwani pikipiki yako itakula majani?" yule mfugaji akamuuliza.

"Itakula, ila usitegemee maziwa."

Singa zile alizinyoosha kwa gundi ya mgunga, akazifunga moja moja kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingoni. Nyufa za mbao alizijaza unga wa msumeno uliokandwa kwa gundi, akasugua kwa majani ya msasa, halafu kwa karatasi ya msasa, halafu kwa kitambaa, mpaka ukipitisha kidole husadiki kwamba chini yake kuna mti.

Siku moja akavuka bwana mwenye gereji Malindi, akielekea Lamu. Akaiona pikipiki kabla haijapakwa rangi. Akaigeuzageuza weee! Kisha akasema, "Mbao umeiweza. Lakini mafundi wa mbao ninao. Mimi kinachoniumiza kichwa ni wapaka rangi. Nitarudi juma hili. Ukinionyesha tangi linalong'aa, unapanda gari nami tunakwenda."

Sasa mnaona ni kitu gani kilikuwa juu ya lile tangi. Halikuwa tangi tena. Lilikuwa ni kazi, ni ujana wa mtu!

Komora alipaka rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini na kuichuja kwa soksi kuukuu. Alikuwa akipaka utando mwembamba sana, hata ungedhani hajapaka. Anafunika kwa kipande cha chandarua visubi visitue, anaacha. Siku nyingine anapaka mwingine. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye maoni juu ya kila kitu.

"Mbona haing'ai?"

"Itang'aa. Bado inakaa, ndani haijakauka."

"Magari ya Nairobi yanang'aa kama kioo."

"Umeyaona wapi, Bi Skuli? Ondoa pua yako, utaipulizia vumbi."

Bi Skuli! Nilichukia lile jina, na nililipenda pia. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amesoma kunizidi, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kunizidi mimi.

Nilikuwa na siri. Shoga yangu wa bwenini alikuwa amenipa kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Mama angekiona angenipeleka kwa wazee wa kanisa nikiwa nimeshikwa sikio. Nilikificha ndani ya pochi ya sindano na nyuzi, na nilikuwa nikijipaka vidole vya miguu tu, kisha navifukia mchangani watu wakipita. Urembo gani huo wa kufukia? Lakini vile vidole viling'aa, na ndipo nikapata wazo.

Komora alikuwa kivukoni, mama alikuwa shambani. Utando wa mwisho ulikuwa umepakwa jana yake tu. Nikafunua chandarua. Nikajiambia, akirudi atashangaa, atasema kumbe Bi Skuli ana akili. Sikutaka kuharibu, wallahi, mimi Mkristo naapa hivyo! Nilitaka kusifiwa. Siku hizi sioni kwamba hilo ni afadhali.

Nikapitisha kijiburashi mara moja juu ya tangi. Ooo, liling'aa! Liling'aa kama jicho. Nikatabasamu. Halafu rangi ikaanza kusogea.

Mmewahi kugusa kwa kijiko utando wa maziwa yaliyochemka? Ndivyo ilivyokuwa. Ile damu ya mzee ilijikunja mikunjo midogo midogo, ikajivuta kutoka ubavuni kwenda juu, mbele ya macho yangu. Nikapuliza. Nikapepea. Nikajaribu kuilainisha kwa kidole, kidole kikaacha alama. Mpumbavu mimi! Nikarudisha chandarua, nikaenda kukizika kichupa kwenye migomba, nikaosha mikono kwa tope mpaka ikauma.

Komora alirudi na samaki begani. Akafunua. Aliweka samaki chini, wakaingia mchanga, hakuona.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna mtu," nikasema.

Mama akaingia na jembe. "Kuna nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningepigwa, ningepelekwa kwa wazee, na kesho yake Komora angekwangua rangi na kuanza upya akijua kosa liko wapi. Badala yake nikasimama wima katikati ya nyumba kama mwalimu mbele ya ubao.

"Ni mvuke wa mto, kaka. Tumefundishwa. Maji yanapanda hewani bila kuonekana. Yanaingia kwenye rangi mbichi, yanaisukuma kwa ndani, inajikunja."

Nusu ya kwanza ni sayansi. Nusu ya pili niliitunga papo hapo! Na Komora, ambaye hakuwahi kukubali kipimo cha mtu mwingine yeyote, alikikubali changu. Akaugeukia mto, akasema, "Basi hapa hapapakwi rangi."

Bwana wa Malindi aliporudi, Komora alimwonyesha hivyo hivyo, hakuficha. Yule bwana akalipitishia tangi ukucha wake. "Hii ni pikipiki au kobe?" Akacheka, watu wa pantoni wakacheka. Komora akavuta kamba mpaka ng'ambo, gari likashuka, likaenda zake.

Nilidhani yataishia hapo. Hayakuishia. Mwaka haukupita, Komora akafunga vifaa vyake akaondoka kutafuta mahali pakavu. Alikwenda mpaka Voi. Huko, nyuma ya gereji moja, akafungua karakana ya kutengeneza magari na pikipiki ndogo za kuuzia watalii na kupamba madirisha ya maduka. Akafanikiwa, sisemi uongo. Nauli ya kunipeleka chuo kikuu ilitoka kwenye malori yake ya mbao. Mnaelewa sasa kwa nini silali?

Ila hakurudi kuishi nyumbani. Mama alikuwa akimwambia kila alipokuja kutusalimu, "Rudi, mwanangu, kiwanja chako kipo." Naye akijibu, "Nitapaka wapi, mama?" Mama akaanza kuuchukia mto. Akienda kuteka maji anautolea kidole, "Wewe ndiwe uliyenichukulia mwana!" Mimi nimesimama kando yake na ndoo ya pili kichwani. Amekufa akiugombeza mto.

Nimewahi kumtembelea Voi. Nikakaribishwa na mkewe, mtungi wa maji ukiwa nje juani.

"Wifi, chai tunywee hapa hapa," akasema. "Humo ndani ya karakana hata kikombe cha maji hakiingii. Nikifua nguo nakaa upande wa pili wa uwanja. Kaka yako ananifanya nijione mafuriko!"

Nikachungulia mlangoni. Mistari ya malori, landrova, pikipiki zenye spoki za singa, vioo vya taa vilivyokatwa kwenye vifungo vya shati. Rangi zake, jamani! Tulivu, nyembamba, hakuna alama ya brashi. Na kila kimoja kilikuwa ndani ya sanduku lenye makaa, ati makaa yanyonye mvuke. Kaka yangu alikuwa amejenga ufundi mzima juu ya uongo wangu, na akaujenga kwa uangalifu, kidole kwa kidole!

Nikajaribu kwa njia ya panya. "Kaka, labda siku ile ilikuwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu tu."

"Mbona ulieleza vizuri sana?" Kisha akamgeukia mteja wake, akanionyesha kwa brashi. "Huyu ndiye dada aliyenifundisha habari za mvuke. Amesoma huyu!"

Nikatabasamu. Naomba mniambie, ni mtu gani anayetabasamu hapo?

Ndugu msomaji, kama unaunda vigari, shika hili: usipake kitu kikali juu ya rangi ya mafuta ambayo bado inakaa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao cha kutupa. Na wewe unayeonekana nyumbani kwenu kuwa umesoma, hilo la rangi ni dogo. Likuhusu hili jingine. Ukisema "sijui" watakucheka siku moja. Ukitunga, watakuamini, na hujui watakuamini mpaka wapi. Mtu anaweza kuhama mto mzima!

Mwezi jana simu ililia nyumbani kwangu. Alikuwa Komora, anapiga kwa simu ya gereji iliyo dirishani mwa karakana yake.

"Bi Skuli, Garsen wanafungua darasa la ufundi. Wananitaka nikafundishe vijana kuunda na kupaka. Wamenitafutia na nyumba, mama yetu angefurahi. Nimewaambia haiwezekani, kwa ajili ya mto. Hawanielewi. Wapigie wewe, uwaeleze kisomi."

Nikasema, "Kaka."

"Naam."

"Haukuwa mto. Nilipaka rangi ya kucha juu ya tangi."

Nilisikia gari likijaribiwa huko gereji.

"Utando wa chini ulikuwa na muda gani?" akauliza. Sauti ya fundi, wala si ya kaka.

"Wa jana yake."

"Rangi ya kucha ni sawa na thina, inayeyusha rangi. Hata mwanafunzi wa juma la kwanza anajua itakunja." Akavuta pumzi. "Mimi sikujua, kwa sababu sikujua kama kwa mama kulikuwa na rangi ya kucha."

"Nisamehe, kaka."

"Chupa uliiweka wapi?"

"Niliizika kwenye migomba."

"Kwenye migomba," akarudia. "Na mama akaugombeza mto."

Nikarudia "nisamehe" kama kasuku. Mimi, mwenye la kusema kila Jumapili gazetini!

"Garsen nitakwenda," akasema. "Habari zangu utazisikia kwa watu. Usije kunilaki kivukoni."

Nikadhani ameweka simu. Kumbe alikuwa ameigeuza tu, anamwita mkewe uwanjani.

"Mama Neema! Uingize ule mtungi."

"Wapi?"

"Humu ndani."

"Humu? Una nini leo, baba?"

"Uingize, nina kiu," akasema, ndipo akaikata simu.