Siku Baba Mkwe Aliposhika Upande wa Pili wa Plastiki

Chumba tulichobandikia plastiki kilikuwa na mlango mmoja tu. Madirisha bosi aliyaziba mwenyewe, kwa sababu karakana yetu ilikuwa upande wa Kisongo, na aliyewahi kuanika nguo Kisongo wakati wa kiangazi anajua kuwa vumbi la huko halina adabu. Kabla ya kuanza tulimwaga maji sakafuni, tukazima feni, tukasukuma komeo. Kuanzia hapo hakuingia mtu wala hakutoka mtu mpaka plastiki ilale. Wenzangu walikilalamikia chumba kile kwa joto. Mimi nilikipenda, na nilichokipenda zaidi ni komeo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtu ana gari la bei mbaya, rangi yake inang'aa mpaka unajiona, na barabara zetu zimejaa kokoto. Basi tunaichukua plastiki angavu, nene kidogo kuliko ile ya kufunikia vitabu vya shule, tunaivika gari lote ili kokoto ikiruka iiparaze plastiki na siyo rangi. Ukiimaliza vizuri hakuna anayeona ulichofanya. Mama yangu mzazi hakuacha kunicheka kwa hilo. Alisema wenzangu wanashona magauni yanaonekana, wanapika chakula kinaliwa, mimi nashinda kutwa nafanya kitu ambacho mwenye gari inabidi aambiwe kipo.

Niliifuata kazi hiyo mjini baada ya kumkimbia mume wangu kule mlimani. Sitaeleza mengi juu yake. Alikuwa na mkono mwepesi, na mimi nilikuwa na mdomo usionyamaza, na watu waliojua habari zetu walipenda kuanza na mdomo wangu. Niliondoka na begi moja nikapanga chumba Engutoto. Nilikuwa huru kwa muda, halafu nikaanza kuogopa jani.

Jani hilo ni isale. Ni refu, la kijani, hupandwa mipakani mwa vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo. Upande wetu wa Meru, kama kwa jirani zetu Wachaga, mtu aliyekukosea akikuletea isale kukuomba radhi, hukatai. Unaweza kununa, unaweza kulia, lakini unalipokea kwa mikono miwili, na ukishalipokea yamekwisha. Hata wachungaji wetu wa Kilutheri, ambao hawaishiwi maneno juu ya pombe na waganga, juu ya isale sijawasikia wakisema lolote. Mama aliniambia waziwazi: mumeo akileta isale au akilituma utarudi, hata mimi sitaweza kukutetea. Kwa hiyo kila nilipoona mwanamume mwenye koti amesimama langoni kwetu, nilimtazama kwanza mfukoni.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa na gari la spoti la mfanyabiashara mmoja wa madini, kijani kibichi, la chini kiasi kwamba kulipitisha kwenye matuta ilikuwa shughuli ya watu wazima wanne. Pande zote zilikuwa tayari, limebaki boneti. Boneti ni kazi ya watu wawili, kwa sababu plastiki ile ukishaibandua upande wa gundi haijui utani. Ikijikunja ikagusana yenyewe, itupe. Mwenzangu wa zamu ile aliamka anaumwa. Bosi aliahidi kunishikia upande wa pili, kisha akapigiwa simu akaenda mjini, na mwenye gari alikuwa anakuja kulichukua mchana. Nilikuwa nimeshaliosha boneti na kulilowanisha kwa maji ya shampuu ya mtoto, ambayo ndiyo tunayotumia ili plastiki iteleze kabla ya kushika. Mlango uligongwa. Nikajua ni bosi, nikafungua.

Alikuwa baba mkwe, yule mzee mwenyewe, na koti lake la sufu la kwendea kanisani. Kwenye mfuko wa ndani ilichomoza ncha ya isale.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za kazi. Upepo ulikuwa unavuma nyuma yake na vumbi limeinuka barabarani. Sikuweza kumwacha mzee mlangoni, na sikuweza kuuacha mlango wazi. Nikamvuta ndani, nikasukuma komeo, na palepale nikaelewa nimejifungia na kitu nilichokuwa nakikimbia. Mkono wake ulianza kwenda mfukoni.

Sijivunii akili zangu mara nyingi, ila siku hiyo zilikuja mbio. Nikamwambia baba, samahani, humu sufu haingii, nyuzi zake zinarukia kwenye gundi, naomba uvue koti. Ni kweli, ndiyo sheria ya chumba. Akavua, nikalitundika msumarini pamoja na jani lake. Kisha nikamwomba anawe mikono, nikampa ncha mbili za plastiki. Mtu aliyejaza mikono hawezi kutoa isale, na aliyejaza mikono hawezi kupokea. Nilijiona mjanja kweli.

Akashika. Mzee aliyechuma kahawa maisha yake yote ana vidole vya kuaminika, na aliposikia kwamba upande wa gundi haugusi kitu, haukugusa kitu. Tukaibandua taratibu, mimi mbele ya taa za gari, yeye karibu na kioo, plastiki imetanda katikati yetu. Nikamwambia anyanyue mikono juu zaidi. Akanyanyua, na mikono ya shati ikateremka mpaka mabegani.

Juu ya kiwiko alikuwa na alama nyeusi, vidole vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili. Alama nyingine, kuukuu, imegeuka manjano. Nilizijua alama zile. Mimi nilivaa mikono mirefu kiangazi na masika kwa ajili ya alama kama zile.

Mume wangu ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mama mkwe alishatangulia. Nilipoondoka, mle ndani walibaki wawili.

Nilitamani kuachia. Nilitamani kuitupa plastiki ile nitoke nje nikapige kelele barabarani, lakini huwezi kuachia. Nikamwambia ashushe polepole, tukailaza, nikachukua mpira wangu wa kusukumia maji nikaanza katikati kwenda pembeni, yeye akinipulizia maji ya shampuu kwa chupa nilipomwonyesha. Nilisukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Nilimuuliza swali bila kumtazama.

"Baba, hilo jani amekutuma yeye?"

Alipuliza maji mahali ambapo hapakuhitaji. Akasema amelikata mwenyewe, asubuhi, mpakani. Mwanawe anajua amekwenda mnadani Ngaramtoni kuulizia bei ya mbuzi.

Isale haliletwi na asiyekosa, na asiyekosa hawezi kumwombea mkosaji bila kutumwa. Hilo alilijua kuliko mimi. Nikasubiri. Tukamaliza kingo, nikazipitishia hewa ya moto ili zishike, na mlango ulikuwa bado haufunguki mpaka zipoe. Hapakuwa na kiti. Tuliegemea ukuta, joto limetujaa, nguo zimelowa.

"Ulipokuwepo, mama, nyumba ilikuwa na amani," akasema.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Amani ile ilikuwa ni mimi. Ilikuwa ni mgongo wangu. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na mbao tupu, na usiku ule mbaya kuliko zote nilimsikia akikohoa. Heshima ilinitaka ninyamaze, na nimeshasema kuwa mdomo wangu haunyamazi.

"Ulikuwa unasikia?"

Aliangalia mikono yake. "Nilikuwa naongeza redio."

Hapo ndipo nilipoona kwamba jani lile halikuwa la mwanawe hata kidogo. Lilikuwa lake. Alikuwa na kosa la kuniomba radhi, kosa la kweli, na ningelipokea siku hiyohiyo kwa mikono miwili. Lakini isale lingenirudisha kwenye nyumba ileile, na alilikata akijua hivyo. Aliniomba msamaha na aliniomba nirudi kukaa katikati yake na mtoto wake, kwa pamoja, kwa jani moja. Nilimwonea huruma na nilimchukia, na sikujua kipi nikitangulize. Nikamwambia ana nafasi kwangu Engutoto, chumba ni kimoja lakini tutabanana. Akauliza ng'ombe atakamuliwa na nani. Akasema pia mama yenu amelala kule, kati ya migomba, na hawezi kumwacha peke yake.

Niligusa ukingo wa boneti, ulikuwa umepoa.

Akalitoa koti msumarini. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaikinga, kwa sababu sikuwa na namna. Mtu akikunyooshea isale hukatai, hata kama limekatwa bila kutumwa, hata kama unajua linakupeleka wapi. Alivaa taratibu, mkono wenye alama kwanza, akaiangalia mikono yangu iliyokuwa inangoja. Kisha akaingiza vidole mfukoni, akalisukuma lile jani chini mpaka ncha ikazama.

"Sikukupa kitu, mwanangu," akasema. "Ukiulizwa, nilikuja kuangalia gari."

Akaligeukia gari, akaliangalia kweli, kuanzia taa mpaka nyuma, ili isiwe uongo. Akasema ni zuri. Nikamfungulia, akatoka kwenye vumbi kuelekea barabarani, na sikumfuata. Nasema hivyo bila kujipamba: nilikuwa na miguu na sikumfuata.

Mchana mwenye gari alikuja, akalizunguka boneti, akasema haoni kitu, akafurahi sana.

Wiki iliyofuata mume wangu alikuja karakana. Alisimama langoni akaniita jina langu kama zamani. Aliniuliza baba yake alifuata nini kwangu, maana kuna mtu alimwona, na Ngaramtoni hakufika. Nilitaka kumwambia nimeziona alama. Nilitaka kumwambia mengi. Lakini mlimani kulikuwa na mzee ambaye jioni ile angekaa naye chini ya paa moja, na kila neno langu lingemfikia yeye.

"Alikuja kuangalia gari," nikasema.

Nikarudi chumbani nikasukuma komeo. Nje nilimfungia mume wangu, na pamoja naye baba yake kule mlimani.